Maisha ya Shaaban Robert, Karani Aliyekuwa Bingwa wa Riwaya

Jina la Shaaban Robert si geni katika chama chetu. Hutajwa kwenye midahalo, huandikwa ubaoni, na mtu akiandika insha ya kupendeza wenzake humwita Shaaban kwa utani. Lakini hebu waulize hao hao wanaomwita hivyo mtu huyu alikuwa nani hasa. Mmoja atakwambia alikuwa Mzungu, ati kwa sababu ya hilo jina Robert. Mwingine ataapa kwamba alikuwa profesa huko Unguja. Wa tatu, na huyu ndiye wengi wetu, atasema alikuwa malenga wa zamani, kisha atanyamaza kwa kuwa habari zake zimemwishia hapo.

Hakuwa Mzungu, hakuwa profesa, na wala hakuzaliwa Unguja. Alikuwa karani wa serikali. Tangu mwaka 1926 hadi 1960, yaani miaka 34 mizima, alikwenda ofisini kama karani mwingine yeyote, akashika kalamu ya mwajiri kwa saa za mwajiri. Riwaya, mashairi, tenzi na insha ambazo zimemfanya ajulikane kutoka Dar es Salaam hadi hapa Embu alizitunga katika saa zilizobaki. Ndiyo maana nimeonelea nisimulie maisha yake tangu mwanzo, maana ni maisha ya ajabu ingawa kwa macho tu yangeonekana ya kawaida kabisa.

Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi ile ilikuwa mali ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi, Novemba 1914, Waingereza walileta majeshi kwa meli kuuteka mji wa Tanga. Walishindwa vibaya na kurudi melini, na katika purukushani hiyo hata nyuki waliingia vitani wakawauma askari. (Wenzetu wa Mbeere wanaofuga nyuki hawatashangaa.) Mwaka 1916 Waingereza walirudi na mara hii wakaupata mji. Kwa hiyo kabla hajaijua vizuri herufi a, Shaaban alikuwa ameishi chini ya bendera mbili za kigeni.

Kuna jambo moja kuhusu ukoo wake ambalo linatuhusu sana sisi watu wa bara. Asili ya jamaa zake ilikuwa Wayao, kabila la kusini, mbali na Tanga. Hakutoka katika zile koo za Lamu, Pate na Mombasa ambazo zimerithishana utenzi kutoka babu hadi mjukuu kwa karne nyingi. Lakini alikua akizungumza Kiswahili, akajiita Mswahili, akakishika Kiswahili mpaka wenyewe wakamwendea kujifunza. Hapa kwetu utasikia mara ngapi mtu akisema kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani, sisi wa Meru na Embu chetu ni cha kuombea maji tu? Husemwa hata na watu wazima. Ulimi ukimkwama mwanafunzi kati ya d na nd, darasa zima hucheka, naye tangu siku hiyo haunyoshi mkono tena. Sina hakika Shaaban angelicheka.

Masomo yake yalikuwa machache kuliko yetu. Mwaka 1922 alipelekwa Dar es Salaam, akasoma shule ya Kichwele mpaka 1926. Alipomaliza alipata cheti akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliofaulu. Basi, hapo ndipo ukomo wa shule. Sekondari hakuiona. Chuo kikuu hakukiona, na kusema kweli katika Tanganyika yote hakukuwa na chuo kikuu cha kwenda. Yale mengine tunayoyakuta katika vitabu vyake, habari za sheria, za dini mbalimbali, za washairi wa Uajemi, aliyapata kwa kujisomea mwenyewe. Kiingereza nacho alikijua vya kutosha hata akaweza kuzifasiri kwa Kiswahili zile rubai za Omar Khayyam kutoka katika Kiingereza cha Fitzgerald. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1952.

Kijana mwenye cheti wakati ule alikuwa na njia mbili hivi: ualimu au ukarani. Shaaban akaingia ukarani wa forodha. Kazi ya forodha ni kukagua shehena inayoingia na kutoka bandarini na kuhakikisha ushuru umelipwa. Sehemu moja alikofanya kazi ni Pangani, mji mkongwe ulio kwenye mdomo wa mto, ambao zamani ulikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri mwaka 1889. Alikaa katika idara hiyo ya forodha mpaka 1944, miaka 18. Kisha akahamishiwa idara ya wanyama kwa miaka miwili, akajikuta Mpwapwa, bara kabisa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudishwa Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya mkuu wa wilaya hadi 1952, halafu idara ya upimaji hadi 1960.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba hakuna cheo kikubwa ndani yake. Mwafrika katika serikali ya wakoloni, hata awe na akili kama mchwa wanaojenga kichuguu, alikuwa na dari juu ya kichwa chake. Mzungu kijana aliyefika juzi angeweza kuwa mkubwa wa karani aliyefanya kazi miaka 20. Shaaban aliyajua hayo na aliyaishi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hakuyageuza kuwa chuki. Aliyageuza kuwa hadithi, na hapo mbele nitaeleza vipi.

Nyumbani nako hakukuwa na raha ya siku zote. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto. Shaaban alimtungia shairi la maombolezo lenye jina lake, ambalo mpaka leo husomwa popote penye diwani ya mashairi ya Kiswahili. Baadaye alioa tena. Lakini ule wakati wa kubaki na watoto wasio na mama ndio uliotupatia tenzi zake mbili zinazopendwa mno. Binti yake, Mwanjaa, alimtungia Utenzi wa Hati. Mwanawe wa kiume, Suleiman, alimtungia Utenzi wa Adili. Zote mbili ni wasia wa mzazi: namna ya kuishi na watu, heshima, kazi, elimu, dini, ndoa. Baba mwingine angewaachia watoto ng'ombe au shamba la kahawa. Karani hana ng'ombe. Wengine husema tenzi hizo zina mahubiri mengi, na ni kweli zina mahubiri, lakini mtu akijua ziliandikwa na nani na kwa nani, anazisoma kwa moyo mwingine. Wazee wa Kiswahili walikuwa na desturi hiyo. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utenzi tangu karne ya kumi na tisa. Shaaban aliifuata njia hiyo, ila yeye akahakikisha kijana wa kiume naye hasahauliwi.

Sasa tuje kwenye vitabu. Usidhani kwamba siku zile mtu aliandika kitabu akakipeleka Nairobi au Dar es Salaam kikachapwa. Wachapaji wa vitabu walikuwa ng'ambo. Diwani yake Pambo la Lugha ilichapwa Johannesburg na chuo kikuu cha Witwatersrand mwaka 1948, mwaka ule ule ambao Makaburu walishika serikali ya Afrika Kusini na kuanza ubaguzi wao rasmi. Kumbe Mwafrika wa Tanga aliweza kuchapiwa mashairi mahali ambapo hangeruhusiwa kukaa kwenye benchi moja na wasomaji wake Wazungu! Maisha Yangu, kitabu anachosimulia habari zake mwenyewe, kilitolewa na Nelson wa Uingereza mwaka 1949. Halafu zikafuata Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952.

Kusadikika ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo, kwani ndiyo riwaya yake inayojulikana zaidi na ndiyo ninayoipenda. Ni kijitabu chembamba, unaweza kukimaliza baina ya chakula cha mchana na maandalio ya jioni. Kusadikika ni jina la nchi, na nchi yenyewe iko angani. Huko angani kuna mfalme, kuna mawaziri, kuna baraza, na kuna kijana aitwaye Karama ambaye amesimamishwa mbele ya baraza hilo kushtakiwa. Mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Kosa la kijana huyu ni nini? Ni kwamba ameanzisha elimu ya uanasheria, yaani anafundisha watu sheria. Hakuiba, hakuua, hakumtukana mfalme. Amewafundisha watu jinsi ya kujitetea, na kwa hilo anastahili kufa.

Karama hatetei nafsi yake kwa machozi. Anachofanya ni kuwakumbusha wakubwa wale historia yao. Anawasimulia habari za wajumbe sita ambao Kusadikika iliwahi kuwatuma pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, kwenda kutafuta mambo yatakayoifaa nchi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe alipata taabu ya safari, akaona nchi zenye mambo mema, akarudi na maarifa. Na kila mmoja aliporudi, badala ya kupokewa kwa vigelegele, alipokewa kwa pingu. Kusadikika ilikuwa haitaki kusikia kwamba mahali pengine mambo huendeshwa vizuri kuliko kwake. Karama anamsimulia mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, na kadiri anavyoendelea ndivyo kesi inavyogeuka. Walioketi kumhukumu wanaanza kuonekana wao ndio washtakiwa. Mwisho mfalme anaelewa, Karama anaachiliwa, na waliofungwa wanafunguliwa.

Sasa fikiri kitabu hiki kilichapwa lini: mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Aliyekiandika ni karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya, mtu ambaye kila siku alimwona mtawala na waliotawaliwa wakikutana mezani. Angeandika kwamba mkuu wa wilaya fulani huwaonea watu, kitabu kisingechapwa na kazi angeifuta mwenyewe. Basi akaipeleka nchi yake angani ambako hakuna polisi wa kumfuata. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1952, hapa Kenya ilitangazwa Hali ya Hatari. Babu zetu wa Embu na Meru wanayajua yaliyofuata: vijiji vya kuzungushiwa handaki na miti iliyochongwa, pasi za kusafiria, watu kutiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Ukisoma Kusadikika ukikumbuka hayo, ile kesi ya Karama inakoma kuwa ngano ya watoto.

Lakini wapo wanaosema ni ngano tu. Kwa haki inafaa niwape nafasi. Wahakiki waliomfuata, mmoja wao marehemu Euphrase Kezilahabi aliyezichunguza riwaya za Shaaban kwa shahada yake huko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, waliona kwamba wahusika wake hawana nyama. Majivuno ana majivuno tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Adili ni mwadilifu, Hasidi ni hasidi. Hatumwoni mtu mwema akishawishika wala mtu mbaya akisitasita. Kezilahabi mwenyewe, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, aliandika wahusika wa namna nyingine kabisa, wenye damu na makosa, na kwa kweli mwanafunzi wa leo atamwona Rosa kuwa mtu wa kijijini mwao zaidi ya Karama. Nakubali. Hata hivyo, kabla ya Shaaban riwaya katika Kiswahili ilikuwa kitu kichanga. Vitabu vingi vya hadithi walivyopewa wanafunzi wa siku zile vilikuwa tafsiri za vitabu vya Kizungu, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Suleimani. Yeye alichukua ngano za bibi na hadithi za Alfu Lela Ulela, akaziunga na mambo ya zama zake, akapata kitu kipya. Anayefyeka msitu halaumiwi kwa kutolima mistari iliyonyoka.

Adili na Nduguze inaonyesha jambo hilo. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao wamemfanyia ubaya juu ya ubaya na yeye akawasamehe kila mara. Jini anawageuza manyani na kumwamrisha Adili awachape mijeledi kila usiku. Adili anachapa, kisha anawalisha na kulia nao. Mfalme Rai anapopata habari kwamba liwali wake huamka usiku kuwapiga wanyama, anamwita kujieleza. Sehemu hiyo ya kupiga kwa lazima na kulia kwa huruma ni nzito. Hapo, kwa maoni yangu, Adili ana nyama ya kutosha.

Mwaka 1958 ulitolewa Wasifu wa Siti Binti Saad, na humu Shaaban alifanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya. Alichukua maisha ya mwanamke, tena mwanamke wa kimaskini aliyezaliwa Fumba, Unguja, akayaandika kwa heshima kama vile wengine walivyoandika ya masultani. Siti alikuwa mwimbaji wa taarabu. Hakuwa na nasaba wala hakusoma shule, na watu walimdharau kwa sura na kwa ukoo. Lakini sauti yake ilimpeleka hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, naye akawa mwimbaji wa kwanza wa kike wa Kiswahili kusikika hivyo. Shaaban alikutana naye na kuzungumza naye kabla hajafariki mwaka 1950. Mtu anaweza kuona kwa nini kisa hicho kilimvutia. Wote wawili walianza bila kitu, wakawa na Kiswahili tu.

Wasichana wa chama chetu wanaopenda kusema kwamba wazee wa zamani hawakuwathamini wanawake wakitafute kitabu hicho. Halafu tubishane.

Utungo wake mrefu kabisa ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Vikuu vya Pili, 1939 hadi 1945, kwa beti zipatazo 3,000. Hebu jaribu kuandika beti kumi tu za utenzi wenye vina vinavyokaa, utajua ni kazi ya namna gani. Humo anaisimulia vita dhidi ya Hitler kuwa vita vya uhuru wa binadamu. Wapo waliomlaumu kwa hilo, wakisema ilikuwaje mtawaliwa amsifu mtawala kwa kupigania uhuru. Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba neno uhuru likishawekwa katika kichwa cha utenzi, aliyeliweka hawezi tena kuamua nani atalisoma na kwa maana gani.

Sifa hazikukawia. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya M.B.E. Pia alipewa tuzo la Margaret Wrong, lililowekwa kwa kumbukumbu ya mama mmoja Mkanada aliyetumia maisha yake kueneza vitabu miongoni mwa Waafrika, na ambaye alifariki akiwa safarini Uganda mwaka 1948. Mama huyo alifanya kazi yake pamoja na wamisheni, na tuzo la jina lake likamwendea Mwislamu wa Tanga. Shaaban asingeona ajabu, kwani katika riwaya yake Siku ya Watenzi Wote anawaonyesha watu wa dini tofauti wakitafuta njia ya kuishi kama ndugu. Aliitwa pia katika kamati. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha lugha, na alishiriki katika shirika la vitabu la Afrika Mashariki, na hata katika baraza la mji wa Tanga.

Kwa hiyo karani huyu alikaa meza moja na wataalamu waliotoka vyuo vikuu vya Uingereza kujadili jinsi neno la Kiswahili litakavyoandikwa. Napenda kuwazia mkutano huo. Kitabu cha sarufi wao wanacho. Lugha anayo yeye.

Walakini, nishani haziliwi. Hapa ndipo maisha ya Shaaban yanapotia uchungu. Vitabu vilichapwa mbali, malipo yalikuwa madogo, na mswada ukishapandishwa meli mwandishi hubaki kusubiri. Tunayajua mengi ya namna hiyo kwa sababu ya ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Shaaban alimwandikia barua kwa miaka mingi, na Yusuf akazitunza asitupe hata moja iliyomfikia mkononi ikiwa anaweza. Zilikuja kuchapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama Barua za Shaaban Robert, nazo ni za tangu 1931 hadi 1958. Ukizisoma unakutana na mtu tofauti na yule wa tenzi. Unamkuta baba mwenye hesabu za matumizi, kaka mwenye nasaha, mfanyakazi anayehangaika na uhamisho, mwandishi anayefikiria kitabu kijacho atakipeleka wapi. Alifikia hata kujaribu kujitolea vitabu vyake mwenyewe. Insha na Mashairi ilitoka Tanga kwenyewe mwaka 1959. Wachapaji wa ng'ambo wana mtaji na maghala, lakini yeye alikuwa na mshahara wa karani. Ni kama mkulima wa kahawa wa huku kwetu ambaye anaona zao lake likipanda bei kila hatua linapoondoka shambani, ila yeye aliyelipalilia ndiye anayepata kidogo kuliko wote.

Mwaka 1960 aliacha kazi ya serikali. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Aliuona. Alikuwa amezaliwa chini ya Mjerumani, akafanya kazi chini ya Mwingereza, na sasa bendera ya tatu ilikuwa yake mwenyewe. Lakini hakuifaidi. Mwezi wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki dunia mjini Tanga, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Vibambani, Machui. Desemba ya mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alilihutubia bunge la jamhuri mpya kwa Kiswahili. Miezi sita tu, na angeisikia lugha aliyoitumikia ikisemwa na rais bungeni. Hapa Kenya tulikawia zaidi: Kiswahili kiliingia bungeni mwaka 1974, na kikawa somo la lazima la kutahiniwa shuleni kilipokuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985.

Na sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Tukitaja riwaya za Shaaban Robert, tunazitaja kana kwamba alizishika zote mkononi zikiwa vitabu. Sivyo. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kufikirika, ile hadithi ya nchi ambayo mtoto wa mfalme anaugua na waganga wanataka mwerevu mmoja na mjinga mmoja watolewe kafara, ilitoka miaka hiyo hiyo. Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima zilitoka 1968. Nelson walikusanya maandishi yake katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, majuzuu 14, na miaka ya baadaye Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakavichapa upya vitabu vyake kadhaa. Barabara ikapewa jina lake mjini Dar es Salaam, na shule ya sekondari vilevile. Mtu ambaye hakusoma sekondari ana sekondari yenye jina lake.

Kati ya hizo zilizotoka baadaye, nitamalizia na Utubora Mkulima, kwa sababu ndiyo inayosomwa kidogo hapa shuleni, na nakala iliyopo maktabani imekatika jalada. Utubora ni mfanyakazi wa ofisini mwenye bidii. Mwajiri wake anamtaka abaki, anamwahidi mshahara mkubwa zaidi. Utubora anakataa. Anaacha ofisi, anakwenda shambani Busutamu, anashika jembe, anasoma vitabu vyake jioni na kuishi na majirani kwa amani. Watu wanamwona ana wazimu. Mtu aliyekuwa na kiti na meza anatakaje udongo? Nasi tunaosoma ili siku moja tutoke kwenye udongo huu mwekundu tupate kiti na meza, lazima tumwone hivyo pia. Shaaban aliiandika riwaya hiyo akiwa yeye mwenyewe yuko kwenye kiti hicho. Utubora alipewa miaka ya kutosha kulima, kuvuna na kusoma. Aliyemtunga alipoiacha ofisi yake alikuwa amebakiwa na miaka miwili.